Mashua ya Sentimita Sabini na Nane

Jumatatu, 5 Mei 2025

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nimemwambia moyo wa mwalimu wa shule ya msingi ulichoka mwaka 1978, hiyo si habari. Hakucheka. Akamgeukia binti yangu Anastazia, akamshauri tuanze kujiandaa kama familia. Mimi nimekaa palepale, nina miaka themanini na moja, na masikio yangu ni mazima kuliko yake.

Habari zinakimbia hapa mtaani Ngamiani kuliko baiskeli. Jioni hiyohiyo amekuja Nehemia, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, na daftari jipya. Amependekeza tuandike wasifu wangu mapema, mwenyewe nikiwa bado naweza kuhakiki tarehe. Kwetu Walutheri hakuna kuzikwa bila kusomewa wasifu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alimwoa nani, aliugua nini. Kanisa zima linasikiliza. Wengine kwa majonzi, wengine kwa kutafuta makosa.

Tumefika mwaka 1972. Nehemia akatabasamu. Akasema hapo hana haja ya kuuliza, kila aliyepita darasani kwangu anajua. Akaandika huku anatamka: "Aliunda mashua kwa mikono yake mwenyewe, akavuka hadi Pemba peke yake." Kwa wino!

Nikasema nimechoka, tuendelee siku nyingine.

Sasa niandike nisilowahi kuandika. Shajara hii isomwe nikishafukiwa. Anastazia, kama unaisoma sasa, irudishe chini ya godoro.

Sijawahi kuunda mashua. Sijawahi kuunda hata kigoda. Pemba nilikwenda kwa meli, nina tiketi mkononi, kusimamia mitihani. Nilitapika kutoka bandari hadi bandari, ndani ya kofia yangu ya pama.

Jumanne, 6 Mei

Nijitetee. Baba yangu alishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge Maramba. Sisi ni watu wa mkonge. Maji mengi niliyoyajua utotoni yalikuwa ya pipa. Nikapangiwa shule ya pwani, watoto arobaini na wawili, wote wa wavuvi. Siku ya kwanza nikachora ramani ya bahari ubaoni. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe umewahi kupanda hata mtumbwi?" Darasa likaangua kicheko.

Uongo ulinitoka wenyewe, kama chafya. Nikasema mtumbwi ni wa watoto, mimi nimeunda mashua. Kimya! Kimya kitamu mno. Niliurudia uongo huo kila mwaka, kila darasa, miaka thelathini na mitatu, nikauongezea safari ya Pemba, na mawimbi yalizidi kukua. Mpaka leo watu wazima wananipita barazani wakisema shikamoo Nahodha.

Shahidi ni mmoja tu. Shabbar Jafferji, mwenye duka la misumari na rangi hapo mkabala na mlango wangu. Siku ile ya kwenda Pemba alikuwa ndani ya meli, anakwenda harusini kwa shangazi yake. Ndiye aliyeishika kofia. Amekaa na siri hiyo miaka hamsini na mitatu, anaitoa kidogokidogo kama mtu anayeuza zafarani.

Leo amevuka barabara. Ana miaka sabini na tisa na anatembea kama mtu wa sabini na nane. Akanipa pole. Kisha akaniarifu kwamba Nehemia amemwomba atoe neno la jirani siku ya mazishi yangu. "Na mimi, Mwalimu, sisemi uongo kanisani."

Nikamuuliza lini amewahi kuingia kanisani.

"Sijawahi. Ndiyo maana sitaki kuanza vibaya."

Mshenzi!

Alhamisi, 8 Mei

Siku mbili nimefikiri. Njia ni mbili. Ya kwanza, nimwambie Nehemia afute sentensi moja. Ya pili, niunde mashua.

Nimechagua iliyo rahisi. Nitaunda mashua.

Hesabu yangu ni hii. Sentensi ina sehemu mbili: kuunda na kuvuka. Nikiunda, nusu ya sentensi ni kweli. Nusu ni alama hamsini. Hamsini nchi hii ni kufaulu. Nikiipandisha baharini na kupiga makasia kidogo kuelekea upande wa Pemba, ninavuka sitini. Kuhusu mwaka, nani hajawahi kukosea mwaka?

Mbao ninazo. Mvule safi wa Maramba, niliununua 2009, umelala darini chini ya bati miaka kumi na sita. Ni akiba ya jeneza langu.

Anastazia ameshika kichwa. Amenikumbusha kwamba daktari amenikataza hata kubeba birika. Kisha akauliza: "Baba, tutakuzika na nini?"

Nikamjibu: mkeka. Ndugu zetu Waislamu wanalala udongoni bila jeneza, na sijasikia hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Jumamosi, 17 Mei

Kazi imeanza uani. Nakata kwa msumeno nusu saa, nalala saa mbili. Vipande vizito Anastazia anavishika huku anaimba nyimbo za msiba kwa makusudi.

Nilimtuma misumari duka la mbali, Jafferji asijue. Amejua. Aliona mbao zinashuka darini. Ameleta mwenyewe nusu kilo ya ziada, bure, ndani ya karatasi ya gazeti. Juu yake ameandika kwa kalamu ya dukani: "Za pale itakapovujia."

Nimeirudisha karatasi. Misumari nimebaki nayo.

Jumapili, 1 Juni

Amekuja Fundi Rahimu. Anaunda vyombo vya wavuvi, na baba yake aliunda, na babu yake. Pia ni mwanafunzi wangu. Alinisalimia kwa heshima zote, akaiona mashua, akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia.

Amesema nimeanza kinyume. Wao wanalaza mkuku, uti wa mgongo wa chombo, wanapandisha mbao za ubavuni kwa kukadiria kwa jicho, na mataruma ya ndani yanafuata baadaye, yakichongwa kufuata umbo la chombo. Mimi nimeanza na mataruma. Nimeyachora kwa rula na bikari, yote yamelingana, mfano wa mbavu za mtu aliyemeza kabati.

Nikamwambia jicho linadanganya, rula haidanganyi. Akajibu, "Ndiyo Mwalimu, lakini bahari haikusoma jiometri." Kisha akauliza upana. Sentimita sabini na nane. Akasema ni nyembamba mno kwa urefu ule, itapinduka.

Nikamkumbusha kwamba mtihani wa darasa la saba, somo la jiografia, nilimpa thelathini na moja. Mtu wa thelathini na moja hafundishi mtu.

Hakuuliza kwa nini sabini na nane. Sitamwambia mtu. Ni siri ya ushindi wangu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekalafati. Pamba na mafuta ya papa, kila ufa. Harufu! Paka wa mtaa mzima wamekaa juu ya ukuta wangu wakisubiri ibada. Anastazia amehamishia nguo zake kwa jirani. Jafferji amekuja na pakiti ya udi, akaiweka barazani, akaondoka. Nimeuchoma. Sasa nyumba inanuka papa aliyekufa harusini.

Rahimu amepita tena, hajaitwa. Amesema mbao zilizokaa chini ya bati miaka kumi na sita zina kiu, zitafanya nyufa mpya. Chombo kilazwe kwanza kwenye maji ya kina kifupi siku mbili tatu, kinywe, kivimbe, kijifunge chenyewe. Ndipo kipandwe.

Siku mbili tatu! Yeye ana moyo mpya.

Jumatano, 25 Juni

Jana usiku kifua kilibana. Sikumwambia Anastazia. Asubuhi kikaachia. Basi kuishusha mashua ni kesho. Mwezi umeandama, maji ni ya bamvua, yale makubwa, yatajaa alfajiri na kuanza kutoka. Nikiondoka nyumbani saa moja na nusu nitayakuta bado yapo ya kutosha.

Jafferji ameshajiandaa. Ametoa kiti cha plastiki nje ya duka na kukielekeza kwangu. Amewatangazia wateja wake kwamba mzee wa watu ameunda mashua uani, na njia ya kutokea ni ukumbi na mlango wa mbele, na kesho watashuhudia chombo kikikwama ndani ya nyumba mpaka Kiyama. Wateja wameahidi kuja.

Ngoja waje.

Alhamisi, 26 Juni

Nitaandika yote.

Saa moja na nusu. Mkabala na mlango, watu ishirini na wawili, Jafferji katikati na kikombe cha chai. Nimekodi wasukuma mikokoteni wanne. Mashua nimeifunika shuka jeupe la Anastazia, lile lenye mshono wa maua, ili watu wasiione kalafati yangu na kuanza maoni. Wakainyanyua mabegani. Wakaingia ukumbini. Jafferji akaegemea mbele.

Mlango wangu una upana wa sentimita themanini. Niliupima kabla sijagusa msumeno!

Ilipita. Ikabaki nafasi ya kidole kila upande. Hata rangi haikuchubuka. Nikapiga makofi peke yangu. Jafferji alikinyanyua kiti chake taratibu, akakirudisha ndani. Kama moyo wangu ungesimama pale, ningekufa mshindi, na mengine yote yasingetokea.

Nikapanda bajaji, nikafuata nyuma.

Sasa, kuna jambo ambalo rula haikunionyesha. Kitu kirefu, chembamba, cha mbao, kimefunikwa shuka jeupe, kimetoka asubuhi katika nyumba ya mzee mgonjwa, kiko mabegani mwa watu wanne. Ngamiani!

Muuza vitumbua akasimama. Fundi cherehani akavua kofia. Mtu mmoja akatupa baiskeli ukutani, akakimbia, akatia bega lake. Hapa jeneza halikupiti hivihivi, lazima ulibebe hatua chache, ni thawabu. Akaja mwingine, na mwingine. Kufika pembe ya pili, wasukuma mikokoteni wangu walikuwa wamesukumwa nje na kusimama pembeni, mikono mitupu, wameshangaa. Mashua ilikuwa inaelea juu ya vichwa vya watu mia, inakwenda mbio. Haijawahi kuelea vizuri hivyo, na haitawahi.

Dereva wa bajaji akaniuliza tuwasimamishe. Nikamwambia subiri. Nilikuwa nasikiliza.

Kwa sababu walikuwa wanauliza nani amekufa, na wanajibiwa. Mwalimu Eliudi. Nani, Nahodha? Ee, Nahodha. Mama mmoja wa sokoni akasema nilimfundisha kusoma, na mwanawe pia. Mzee mmoja akasema nilikuwa mkali lakini sikupendelea mtu. Kijana wa kukaanga mihogo, ambaye sijawahi hata kumfundisha, akamweleza mwenzake jinsi nilivyovuka hadi Pemba usiku wa dhoruba, tanga limechanika, nikiongozwa na nyota.

Dhoruba sikuwahi kuisema. Wameiongeza wenyewe!

Nililia ndani ya bajaji. Naungama hilo pia.

Kwenye njia panda wakakata kushoto. Baharini ni kulia. Nikapiga kelele, sauti yangu haifiki hata nyuma ya kiti. Walikuwa wanaelekea makaburini. Baadhi wakasema hapana, marehemu ni Mkristo, makaburi yake ni upande ule. Wengine wakasema shuka jeupe, bega kwa bega, Mkristo gani huyo. Bwana mmoja akaapa kwamba nilisilimu wiki iliyopita, aliusikia udi kwa pua yake. Ubishi! Mashua ikasimama katikati ya barabara, nusu ya watu wanavuta huku, nusu kule. Msumari mmoja ukalia.

Hapo akaja Nehemia anakimbia, daftari kwapani, machozi yanamtoka. Alikuwa anatafuta tarehe na saa ya kufa, azijaze. Akainamia bajaji amuulize dereva.

Tukatazamana.

Daftari likamwanguka. Mdomo ukafunguka mara mbili. "Shikamoo," akasema.

Marahaba. Nikamwomba awaambie wageukie kulia.

Sitaandika yaliyosemwa shuka lilipofunuliwa. Ila hakuna aliyerudi nyumbani. Wakasema asubuhi imeshapotea, angalau waone mwisho wake. Ubishi ule ulikula saa mbili nzima. Tulipofika ufukweni maji yalikuwa yameondoka. Ilibidi waibebe mashua mbali sana juu ya tope, mimi nimebebwa nyuma yake, mpaka tukapata maji ya magotini.

Rahimu alikuwepo. Akasihi mara ya mwisho iachwe inywe. Nikavaa kofia yangu ya pama, nikaingia, nikashika kasia, nikageuza uso kuelekea Pemba.

Rahimu anasema nilielea mpaka alipohesabu kumi na tisa. Miguu yangu ilikuwa tayari majini kwa ndani. Nikapiga kasia moja. Moja kamili, lenye nguvu, kuelekea Pemba. Sentimita sabini na nane zikapinduka.

Maji ya magotini yanatosha kabisa kumzamisha mtu wa themanini na moja. Niliona kijani. Nikafikiri: nitakufa na alama hamsini na tano.

Aliyenishika shati wa kwanza alikuwa Jafferji. Na viatu vyake! Sijui alinifuata saa ngapi. Akanivuta, akateleza, tukakaa wote wawili matakoni ndani ya bahari, maji kifuani, watu mia wanatazama. Alikuwa anahema kuliko mimi. Kofia yangu ikapita mbele yake inaelea. Akaishika, akaiinamisha, akachungulia ndani.

"Safari hii ni maji tu," akasema.

Nilicheka mpaka Anastazia akadhani ni degedege.

Jumapili, 29 Juni

Siku mbili za homa. Daktari amekuja nyumbani. Safari hii amesema na mimi mwenyewe, kwa hiyo najua. Ni wiki, si miezi. Anastazia amelia jikoni, akidhani kelele za sufuria zinamficha. Nimemwita, nimemshika mkono, tumekaa hivyo. Kisha akaniambia seremala ameipima mashua na anasema ikifunikwa juu, inanitosha kabisa mabegani.

Nimekataa. Inavuja.

Homa inafundisha. Usiku niliamua kuungama. Mtu hawezi kwenda mbele za Mungu na sentensi ya namna ile. Asubuhi nikamwita Nehemia aje na daftari. Akakaa kando ya kitanda, bado hanitazami usoni vizuri. Nikamwomba afungue mwaka 1972. Nikashika kalamu mwenyewe, tayari kufuta.

Akaingia Jafferji. Alikuwa na mafua. Akamwomba Nehemia akatafute chai kwa Anastazia, akafunga mlango.

Nikamwambia ameshinda, nafuta, apumzike. Akapaliwa. "Unafuta nini? Wewe mzee una wazimu?"

Kisha akakaa, akaangalia viatu vyake vilivyoharibika. Akasema alianza kunitisha kwa sababu tangu daktari aseme neno lake nilikuwa nimegeukia ukutani kungoja kifo, na yeye anazijua njia za kuniamsha. Akasema miaka hamsini na mitano ameuza misumari. Siku yake itafika, watu watamwuliza mwanawe baba yako alifanya nini, na mwanawe atajibu aliuza misumari. Akajikuna sikio. Akauliza, taratibu, kama mtu anayeomba kupunguziwa bei, ile mashua ya kwenda Pemba ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, au iliweza kuchukua wawili?

Sikuamini masikio yangu. Shahidi mwenyewe!

Nikamwuliza: na uongo kanisani?

Akasema yeye hatasema uongo. Atasimama, atatoa pole, na atakubaliana na kilichoandikwa.

Rafiki yangu. Ameniokoa na bahari mara mbili, ukihesabu na kofia. Nikamwambia aende nyumbani akanywe tangawizi, nitaandika mwenyewe.

Nimefuta "peke yake." Juu yake nimeandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, herufi zinazosomeka hata na aliyekaa benchi la mwisho:

"Mwaka 1972 aliunda mashua kwa mikono yake mwenyewe, akavuka hadi Pemba usiku wa dhoruba, akiongozwa na nyota. Alifuatana na jirani yake, Bwana Shabbar Jafferji, ambaye alitapika njia nzima ndani ya kofia."

Nehemia ameapa kwamba hatabadilisha hata nukta. Jafferji ameuliza mara tatu kupitia dirishani kama nimemweka. Nimemjibu nimemweka, tena vizuri. Ataisikia siku yenyewe, kanisani, mbele ya Ngamiani yote, akiwa ameshaahidi kukubaliana.

Nami nitakuwa pale mbele, nimelala kimya. Nimemwomba Anastazia wasiufunike uso wangu mapema.